Picha ya Mama Yapigwa Mnada

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Huku kwetu hali ni njema, isipokuwa shemeji yako ambaye mguu umerudi kumsumbua tangu alipoamua, kwa umri ule, kucheza mpira na wanafunzi wake. Anakusalimu kutoka kwenye kochi, amelala kama mfalme, kila kitu anataka kiletwe. Mpwa wako amefaulu mtihani wa udereva safari hii ya tatu, kwa hiyo ukisikia nakuomba utuombee, ujue sifanyi utani. Duka la miwani linakwenda. Juzi mzee mmoja alinirudishia miwani akilalamika kwamba tangu aivae anaona mke wake amezeeka. Nikamwambia hilo halimo kwenye dhamana.

Wewe je, na wifi yangu, na huyo binti yenu anayekua bila shangazi kumwona? Bwawa limefika wapi? Wifi bado anawachoma watu sindano kwenye hiyo zahanati ya kambi, au nao wamejifunza kumkimbia?

Mama ni mzima. Anatembea kila asubuhi hadi stesheni na kurudi, kisha anabishana na redio mpaka chakula cha mchana.

Sasa habari yenyewe. Ile hoteli kubwa ya karibu na stesheni inafungwa, na vitu vyote vilivyomo vitapigwa mnada tarehe kumi na mbili Aprili. Vitanda, vioo, masufuria, hata vile viti vya mapokezi tulivyokatazwa kukalia. Nilisoma tangazo gazetini nikiwa nakunywa chai, nikafika mahali palipoandikwa: "Picha moja kubwa sana ya rangi, mtindo wa kisasa, yenye nguvu na hisia kali, mchoraji hakutia saini." Chai ilinipalia. Hiyo ni picha ya Mama.

Unakumbuka alivyoichora, wenye hoteli walipomwagiza? Siku zote sita alikuwa kiwandani akichora nakshi za vitambaa, ua hapa, ua pale, rula mkononi, kila ua lilingane na mwenzake. Jumapili anatupeleka kwenye stoo ya kiwanda, anatuweka juu ya marobota ya pamba, anavua viatu, anaanza kuirukia ile picha kama mtu anayepigana na nyuki. Ulikuwa unamuuliza, "Mama, hii ni nini?" Naye anakujibu, "Ni hii."

Nilimpelekea habari. Alikuwa anakata kucha. Akaniuliza mnada ni lini, nikamwambia, akaendelea na kucha zake.

Mimi binafsi sina haja nayo, nyumba yetu unaijua, hata paka anapishana na sisi kwa zamu. Nimeona tu ni vizuri ujue. Kama wewe unaitaka, sema, usione haya.

Nakuacha hapa, kuna mteja anasoma ubao wa herufi akiwa ameushika mkononi.

Dada yako


Tarehe 24 Februari

Dada,

Barua yako imechelewa kwa sababu lori la mahitaji lilikwama kwenye tope, na sisi tulikaa siku kadhaa tukila maharage ya kopo na kulaumiana. Sasa limefika na hasira zimekwisha. Tuko salama. Wifi yako anasema wagonjwa hawamkimbii, wanapona mapema tu wakimwona anashika sindano. Binti ameota meno ya mbele na anayatumia. Mimi bado niko juu kwenye winchi yangu. Ukuta wa bwawa umepanda mpaka sasa wale wa chini naona kofia tu, sioni watu.

Mpe shemeji pole ya mguu, umwambie mpira ni wa kutazama.

Kuhusu ile picha, nashukuru kunijulisha. Mimi nitaiweka wapi? Nyumba zetu za kambi kuta zake ni za mabati, ukigongomea msumari jirani analalamika. Iache iende zake. Atakayeinunua aifurahie.

Ila nilitaka kukuuliza, kwa kutaka kujua tu. Mnada huo unafanyikia hotelini penyewe au kwenye ofisi ya wenye mnada? Ofisi yao iko mtaa gani? Na mtu akiwa mbali hawezi kuja, wanamfanyaje, au ndiyo basi tena? Nauliza kwa sababu hapa kuna fundi mmoja anapenda mambo ya minada.

Na hali yake picha ikoje? Ile rangi ya bluu, ile aliyoipata kwa kuchanganya dawa ya kutilia vitambaa rangi, bado ipo au imefifia?

Ni hayo tu. Si kwamba ninaitaka.

Mdogo wako wa mawinguni


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Mguu wa shemeji yako umepona kwa miujiza siku ile ile mama yake alipotangaza kwamba anakuja kumuuguza. Mpwa wako amegonga nguzo ya lango, nguzo iko salama. Nimemtumia wifi fremu mpya za miwani kwa anwani ya kambi. Asimwazime mtu.

Kwa mtu asiyeitaka picha, umeuliza maswali mengi. Haya, mwambie huyo fundi wako kwamba mnada utafanyika hotelini, kwenye ukumbi wa mapokezi, ila ofisi ya wenye mnada ni barabara ya posta, namba kumi na moja, ghorofa ya kwanza. Mtu wa mbali anaandika dau lake la mwisho, analitia kwenye bahasha iliyofungwa, na siku yenyewe mnadi anamtajia bei kwa niaba yake, kidogo kidogo, mpaka lile dau liishe.

Haya nimeyajua kwa sababu nilipita kuangalia. Nilikuwa natoka benki, nikaona mlango uko wazi.

Ni yenyewe. Wamefuta vumbi. Nilikuwa nimesahau ukubwa wake, ukisimama karibu huioni, inakuona yenyewe. Ule mkondo mwekundu kama kutu unashuka kutoka juu kushoto, unapigwa kofi na ile bluu yako, ambayo haijafifia hata kidogo, kisha inakuja njano inapita katikati kwa kasi kama mtu aliyechelewa treni. Na chini kulia, unakumbuka, pale panapobaki na kijivu tu, hapana kitu. Alikuwepo mtaalamu wao wa picha, kijana mpole mwenye miwani iliyopinda, nikamnyooshea hapo hapo bila malipo. Akaniambia pale pa kijivu ndipo roho ya picha ilipo. Alisema mchoraji alikuwa na ujasiri mkubwa wa kujua mahali pa kunyamaza. Ameyaandika hayo kwenye kijitabu cha mnada. Nilitaka kumwambia mchoraji ni mama yangu, kisha sijui kwa nini nikanyamaza.

Mama nilimwomba twende pamoja, amekataa. Anasema picha ile ameshaiona.

Siku ya mnada mimi sitakwenda, nina wateja. Mama naye anasema siku hiyo ana jino.

Jirani yangu wa duka la saa anakusalimu, ingawa hamjuani. Ni mtu wa salamu nyingi.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada,

Nakuandikia kwa haraka, lori linaondoka sasa hivi. Tuko wazima. Fremu zimefika na wifi yako amekuwa mrembo mpaka naogopa. Binti ameanza kusimama.

Nafurahi bluu haijafifia. Huyo fundi nimempa maelezo, ameshukuru.

Mpe Mama pole ya jino. Sikujua kwamba bado analo la kuuma.

Mdogo wako

Wifi, nimeomba nafasi hii ya chini huku mwenyewe amekwenda kutafuta stempu. Hapa kambini hakuna fundi yeyote anayependa minada. Mume wangu wiki nzima amekuwa akiandika barua moja ya mistari minne, anaichana, anaiandika tena, mpaka mwandiko wake umekuwa mzuri kuliko siku aliyoniposa. Bahasha hiyo imekwenda mjini na injinia, kwenye gari dogo la haraka. Hii yako inakwenda na lori. Sasa mimi najiuliza, barua mbili za mtu mmoja, kwa nini zipande magari tofauti? Usimwambie nimesema.


Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu, au nikuite Mtu wa Mbali?

Wote wazima huku, salamu utazikuta mwisho, leo siwezi kuzitanguliza. Barua yako imefika jana, mnada ulishapita. Maneno ya wifi nimeyasoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka.

Nianze na yangu. Nilikuambia sina haja na ile picha. Nilikuwa nayo. Nilikuambia sitakwenda, na kweli sikwenda, ila nilimtuma jirani yangu Fundi Saa. Nilimpa kiwango cha mwisho nikamwapisha asikivuke. Nilichagua mtu ambaye Mama hamjui wala wewe humjui, ili habari isimfikie mtu.

Alirudi jioni amelowa jasho. Kwanza kabisa alikuwa amenunua kiango cha kutundikia makoti, kwa sababu alimpungia mkono rafiki yake aliyeingia na mnadi akadhani anataja dau. Picha ilipoletwa, ilibebwa na watu wanne. Wengi walikuwa wamefuata vitanda. Fundi Saa akataja bei, mnadi akachungulia karatasi yake akasema, "Nina mtu wa mbali, yeye anasema zaidi." Fundi Saa akapandisha. Mtu wa mbali akapandisha. Ikaenda hivyo mpaka Fundi Saa akaanza kulichukia hilo jina. Aliniambia, "Dada, huyo mtu ana roho mbaya. Hayupo hata ukumbini, lakini hachoki." Nami nikakubaliana naye kwamba ana roho mbaya. Nisamehe.

Hatimaye karatasi ikaisha. Fundi Saa akanyoosha tai, anaona ameshinda. Ndipo kwenye safu ya mbele kukainuka mwavuli. Mwenye mwavuli alimwona kwa mgongo tu, mama mmoja wa umri mkubwa, kofia ya majani, hakugeuka hata mara moja. Fundi Saa akisema, mwavuli unainuka. Akisema tena, unainuka tena, taratibu, kama mtu anayesimamisha basi. Kiapo changu akakivuka kidogo, kwa hasira za kiume, kisha akaogopa akaacha. Nyundo ikagonga.

Usiku ule sikuwa mtu wa kuzungumza naye. Shemeji yako aliniuliza nina nini, nikamwambia vitunguu, na vitunguu havikuwepo.

Kesho yake mchana nikaenda kwa Mama, nimejipanga namna ya kumwambia kwamba picha imekwenda kwa watu baki. Nikakuta kochi liko nje barazani. Meza iko nje. Mlango wa mbele umeng'olewa, umeegemezwa ukutani. Nikaingia nikiita. Sebule nzima ilikuwa picha, kutoka dirisha hadi dirisha, na mbele yake Mama amekaa kwenye kigoda, amevaa lile koti lake la kiwandani, viatu amevua.

Nikamuuliza, "Mama, yule mwenye mwavuli ni wewe?"

Akasema, "Kulikuwa na jua kali."

Nilikaa sakafuni, maana viti vyote vilikuwa nje. Nikamuuliza na lile jino je, akasema limepoa. Nikamuuliza pesa amepata wapi, akasema ile akiba yake ya kiwandani ilikuwa imelala tangu astaafu, ameiamsha. Halafu akaanza kulalamika kwamba ingemgharimu nusu yake tu kama si mwanamume mmoja wa nyuma, mwenye sauti kama mlango mbovu, na mwingine asiyeonekana. Ilibidi nimwambie wa nyuma ni wangu. Wa pili nilikuwa bado simjui. Jana, barua ilipofika, nilirudi kwake nikamsomea maneno ya wifi. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo nimepandishiwa bei na watoto wangu wa kuzaa?" Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ulikuwa picha, nikapiga kelele.

Sasa sikiliza sababu. Mimi nilidhani anaipenda. Nilidhani ni kumbukumbu ya ujana wake, nikaanza kulengwa na machozi. Nikamwambia, "Umefanya vizuri, Mama. Ni yako."

Akanitazama kama nimesema kitu cha kitoto. Akasema, "Haijaisha."

Kumbe wenye hoteli walikuja kuichukua kabla ya wakati, mgeni wao rasmi wa kuifungua hoteli aliharakisha safari. Aliwaomba wamwachie hata Jumapili mbili, wakamwambia imependeza vile vile. Ndiyo maana hakuitia saini. Ndiyo maana miaka yote ile anatembea hadi stesheni asubuhi na hajawahi kuingia pale mapokezi. Pale pa kijivu, pale pa kunyamaza kwa ujasiri, hakuwa amepafikia.

Leo asubuhi ameniagiza brashi.

Wote wanakusalimu. Na tafadhali niambie, kwa nini hukusema?

Dada yako mwenye roho mbaya kama wewe


Tarehe 8 Mei

Dada yangu,

Mtu wa Mbali anakusalimu, na anamwomba radhi Fundi Saa. Tuko wazima. Binti ametembea kutoka kitandani hadi mlangoni, amerudi kwa kuanguka. Wifi yako barua yako aliifungua kabla yangu, kwa hiyo nilipofika nyumbani nilikuta ameshacheka sehemu zote nzuri, akawa ananitangulia.

Umeuliza kwa nini sikusema. Unajua kwa nini, na ni sababu ile ile iliyokufunga wewe mdomo. Ni lile kabati la Baba. Baada ya mazishi mimi nililitaka, wewe ulilitaka, tukalivuta huku na huku mpaka tukaacha kuandikiana mwaka mzima, kwa ajili ya mbao zilizoliwa na mchwa. Mwaka ule nilikuwa nikipanda kwenye winchi naona mbali sana, na huko kote hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Uliposema huitaki picha nilifurahi. Nikaona nikiinunua kimya kimya, hapatakuwa na kuvutana. Nilipanga iletwe kwako, ikae sebuleni kwako hata kama paka angekosa zamu, mimi niwe nakuja kuitazama. Sikuwa na ukuta, hilo halikuwa uongo.

Kwa hiyo tumevutana tena, dada, mbele ya watu wote, na safari hii hatukujua. Nimelifikiria hilo juu kule mpaka nikasahau kushusha zege, wakanipigia filimbi.

Nina likizo mwezi wa saba. Tunakuja wote watatu. Niambie Mama anachora nini pale pa kijivu. Nikilala ninajaribu kupajaza mwenyewe, sipati.

Mdogo wako


Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Nimesoma maneno yako kuhusu kabati, nikaenda kulitazama. Liko ghalani, tunawekea ndoo. Kama bado unalitaka nitakuletea mwenyewe kwa mgongo. Yaliyobaki tutayasema mkija, wala hatutayasema sana.

Shemeji yako mzima. Mpwa wako sasa ndiye anayempeleka Mama kununua rangi, na Mama anasema afadhali, maana akishafika dukani baada ya safari ile haogopi tena kitu chochote.

Umeuliza anachora nini. Wiki ya kwanza hakuchora. Alikaa kwenye kigoda na kuitazama, chakula nampelekea anakula huku anaitazama. Nikaanza kuogopa, nikafikiri labda alichotaka kukimaliza kimeshamtoka kichwani, miaka ni mingi. Wiki ya pili nikakuta ameanza na nyeusi, nyembamba, inatoka pembeni. Nikamuuliza, kwa kujisahau, "Mama, hii ni nini?" Unalijua jibu.

Halafu ikaja rangi ya machungwa, na akairukia, mdogo wangu, kama zamani, na magoti yale. Ananung'unika, anarudi nyuma, anagonga dirisha, anasonga mbele. Siku moja alitumia kiganja. Jirani zake wakawa wanakuja kukaa barazani kwenye kochi lililo nje, wanamsikiliza. Mimi nilifunga duka mchana nikaenda kukaa nao.

Jumapili iliyopita aliniita. Sitakuelezea pale chini kulia palivyo, nitaharibu. Nitasema tu kwamba ile njano iliyokuwa inakimbia, sasa inafika. Kwenye pembe ametia jina lake lote, kubwa, la kwake na la baba yake.

Yule kijana mtaalamu nilimleta aone. Alisimama muda mrefu, nikaogopa atalia kwa ajili ya kijivu chake. Mwishowe akasema itabidi aandike kijitabu upya, akamwomba Mama kiti, akakumbushwa viti viko nje.

Nikamuuliza Mama tuuvunje ule ukuta wa kati ili picha ikae vizuri, maana mlango lazima urudi, na yeye hawezi kuendelea kulala jikoni. Nilishaongea na fundi. Shemeji yako alishakubali kusaidia, kwa maneno.

Mama akaniangalia kwa mshangao. Akasema, "Uvunjwe wa nini? Si imeisha? Waje waichukue, waiuze."

Nilidhani anatania. Hatanii. Ameshakubaliana na yule kijana, inapigwa mnada mwezi wa saba, tarehe ishirini, safari hii na jina lake kwenye tangazo. Anasema mara ya kwanza ilimuuma kwa sababu walimnyang'anya kazi ambayo haijaisha. Iliyoisha ni ya kwenda. Pesa ameshaipangia vitambaa na rangi, kuna nyingine anayotaka kuanza, kubwa zaidi, na ameulizia bei ya kupanga ile stoo ya kiwanda.

Na ametoa amri, niiandike kama alivyoisema: "Wewe na ndugu yako, siku hiyo, atakayenyoosha mkono nitamkata."

Kwa hiyo njooni mapema. Mwambie wifi avae ile miwani. Fundi Saa ametuwekea nafasi safu ya mbele, sisi wawili tutakaa pamoja, na mikono yetu itakuwa mapajani. Mimi nitaushika wako, wewe ushike wangu, maana sijiamini.

Dada yako